Matawi ya Tundu la Kinyonga

Mwezi wa nane hapa Lubumbashi ni mwezi wa vumbi. Mvua ya mwisho imekwisha kusahaulika tangu mwezi wa nne, majani ya kando ya barabara yamechukua rangi ya udongo, na usiku mbingu ya upande wa Kipushi huwa nyekundu kwa moto wa mashamba yanayochomwa. Katika mwezi huo, mwaka jana, mpwa wangu alirudi kutoka shambani kwa mama yake akiwa ameshika kijiti kwa mikono miwili, kama mtumishi wa misa anavyoshika mshumaa. Juu ya kijiti alikaa kinyonga. Moto ulikuwa umemfukuza kichakani, na upande mmoja wa mkia wake ulikuwa umeungua kidogo.

Mtoto huyo ana miaka kumi na mmoja. Anakaa kwetu kwa ajili ya masomo, na mwaka ule alikuwa katika darasa langu la katekisimu, akijiandaa kwa kitubio na komunyo ya kwanza. Aliniuliza neno moja tu: “Mjomba, tunaweza kumtunza?”

Ndugu msomaji, wewe uliyezaliwa katika nchi hii unajua kwamba swali hilo si dogo. Kinyonga kwetu si mnyama wa kuchezea. Wazee wetu wengi, na si wa Katanga peke yake, walisimulia kwamba yeye ndiye aliyetumwa kuwaletea watu habari ya uzima, akatembea polepole mno, na mwingine akamtangulia na habari ya kifo. Tangu hapo hatumsamehe. Watu wazima, wenye shahada zao, huruka nyuma wakimwona juu ya ua. Tena katika mji wetu kuna jambo zito kuliko hofu. Mtoto anayeonekana na kiumbe wa namna hiyo anaweza kubandikwa jina la mulozi, na jina hilo likimshika mtoto halibanduki upesi. Anayepita sokoni usiku huwaona wanaolala juu ya makartoni kwa sababu ya neno moja lililotamkwa nyumbani kwao.

Mama mmoja jirani yetu alilitamka siku ya pili, kwa sauti ya chini, akiwa amesimama langoni. “Mwalimu, huyo mtoto anacheza na nini? Umwangalie vizuri.”

Niliona kwamba njia ya kumlinda mtoto si kumficha kinyonga nyuma ya jikoni, bali kumweka mbele, barazani, mahali ambapo kila anayekuja kuniona angemkuta. Kitu kinachoonekana na wote hakina uchawi. Mpaka leo nadhani shauri hilo lilikuwa jema. Kosa langu lilikuja baadaye, katika kulipamba.

Fundi seremala alinipa mbao za masanduku, nikatengeneza tundu lenye kimo cha mtoto. Kwa pande zake nilitumia chandarua cha zamani tulichogawiwa katika kampeni ya malaria. Yalibaki matawi. Kila mti ulikuwa mkavu au umejaa vumbi, isipokuwa mmoja. Kwenye uzio wa shule ninayofundisha kuna maua ambayo sisi huyaita lorie-rozi, kwa jina la Kifaransa; wataalamu huyaita Nerium oleander. Asili yake ni nchi za Bahari ya Kati, na huvumilia ukame kuliko mimea yetu mingi ya bustani. Wakati miti mingine inalia njaa ya maji, yeye anatoa maua ya rangi ya waridi. Nilikata matawi saba, marefu, yenye majani na maua, nikayasimamisha ndani ya tundu. Ulikuwa uzuri wa altare ya Pasaka. Wageni walisimama kutazama. Hata yule mama wa langoni alikuja, akatazama kwa muda mrefu, akasema: “Kumbe ana macho ya ajabu.” Nilijiona mshindi.

Nilisomea ualimu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewachoresha watoto wa darasa la tano sehemu za jani: kikonyo, bapa, mishipa. Nimewafundisha kutaja miti kwa majina. Wala sikujiuliza hata mara moja ule mti wa uzioni una nini ndani yake.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Kila asubuhi mtoto alinyunyiza maji juu ya majani kwa chupa aliyotoboa kifuniko, maana alikuwa amekwisha kugundua mwenyewe jambo ambalo mimi sikulijua: kinyonga hanywi katika sahani, hulamba matone yanayoning'inia kwenye majani. Mchana aliwinda panzi na nyenje, akawatia tunduni. Wengine hawakuliwa mara moja. Walikaa ndani wakitafunatafuna majani. Wengine tuliwakuta chini wamekufa, karibu na chandarua, nasi hatukuuliza kwa nini.

Katika juma la tatu kinyonga aliacha kurusha ulimi. Alikaa na macho yamefumbwa mchana, jambo ambalo kinyonga mzima hafanyi, na rangi yake ikawa nyeusi kama tope la mtoni. Ijumaa jioni mtoto alimkuta chini, ubavuni, vidole vyake vimefungwa bila kushika kitu.

Alikuja kwangu na uso mkavu. “Mjomba, ni mimi niliyemuua?”

Nilikuwa nimechoka, tena nilikuwa na aibu ambayo sikuwa bado nimeipa jina. Nilimjibu: “Labda ulisahau kumpa maji.”

Hakunibishia. Alikuwa amemnyunyizia maji kila siku bila kukosa, na alijua hivyo, lakini mimi ni mjomba wake, mwalimu wake na katekista wake. Alikubali.

Usiku ule ule nilitoa matawi tunduni ili nitie jikoni yawe kuni. Mke wangu alinishika mkono. “Usiyachome hayo. Mama alitukataza kupikia mti huo. Moshi wake unaumiza watu.” Alisema kama mtu anayekumbusha chumvi. Nilisimama na yale matawi mkononi, maua yake bado yanatoa harufu tamu, nikajua.

Kesho yake, Jumamosi, niliwafundisha watoto jinsi ya kuchunguza dhamiri. Niliwaambia kwamba katika kuungama mtu hutaja dhambi yake mwenyewe, si ya jirani. Mpwa wangu alikaa safu ya pili. Nilimwona akiandika katika daftari lake, nikajua anaandika maji.

Nilinyamaza siku kumi na moja. Wakati huo mitaani maneno yalianza tena: kwamba mnyama hafi bure, kwamba mtoto alikuwa na kitu. Dada yangu alisikia huko shambani, akanipigia simu akilia.

Kabla ya kumkabili mtoto nilimwendea kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anasoma katika kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nilimweleza yote. Aliniuliza habari ya matawi, kisha akaniuliza habari ya chandarua, ambayo sikuitazamia. Alinieleza kwamba kila sehemu ya lorie-rozi, jani, ua, gome, mzizi, hata likikauka, ina sumu ya jamii ya glikosidi ambayo hushika moyo na kuvuruga mapigo yake. Mbuzi, ng'ombe, mbwa, na mtu pia, wote hudhurika nayo. Kinyonga wetu mara nyingi hatafuni majani, lakini alilamba maji yaliyopita juu yake, na alikula wadudu waliokuwa wameyatafuna. Kuhusu chandarua, vile vya kampeni vimetiwa dawa ya kuua wadudu. Ni dawa njema mahali pake, juu ya kitanda cha mtoto. Katika tundu inaua chakula cha kinyonga, na kinyonga anakula kilichouawa. “Mwalimu,” alisema, “humo mlikuwa na sumu mbili. Sioni haja ya kuuliza ipi ilitangulia.”

Alhamisi, jumuiya yetu ilikutana kwetu. Baada ya sala niliomba nafasi. Nilimwita mpwa wangu asimame karibu nami, nikasema mbele ya wote kwamba kinyonga alikufa kwa matawi niliyoyakata mimi na kwa chandarua nilichokipigilia mimi; kwamba mtoto alimpa maji kila siku; kwamba nilijua tangu siku ya kwanza, nikamwachia mtoto mzigo wangu. Nilimwomba msamaha. Nilionyesha tawi moja, nikataja jina lake na kazi ya sumu yake.

Nilitazamia kimya, au lawama. Yule mama wa langoni alinyosha mkono. “Mwalimu, mti huo uko mlangoni kwangu. Mbuzi wangu aliula, mwaka ule alipokufa.”

Kisha akanyamaza, na sisi sote tukanyamaza pamoja naye, kwa sababu kila aliyekaa pale alikumbuka alimshitaki nani kwa kifo cha mbuzi yule.

Mtoto hakuniambia lolote usiku ule. Asubuhi nilimkuta ameliosha tundu. Chandarua alikuwa amekibandua.

Hapo ndipo tulipoanza kujifunza kweli, mimi na yeye, tukiwa na daftari moja. Tulizunguka uwanja wetu, kisha uwanja wa parokia, kisha barabara, tukiuliza kila mti swali ambalo sikuliuliza mwanzo. Nitayaandika hapa kwa sababu najua kwamba siku hizi watoto wengi wa mji wanafuga, kobe kwa mmoja, kinyonga kwa mwingine, na wazazi huombwa “tawi tu”.

Mnyaa, ule mti wa uzio wenye vijiti vya kijani visivyo na majani, ulikataliwa mara moja: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huchoma vibaya, na macho ya kinyonga ndiyo maisha yake. Tulikataa pia ndugu wa lorie-rozi mwenye maua ya manjano, kwa kuwa ana sumu ya namna ile ile. Lantana, inayodhuru ini la wanyama. Na yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, ambayo mbegu zake humrusha mtu akili. Difenbakia, lile jani la madoa meupe linalopamba sebule nyingi za hapa, limejaa fuwele kama sindano. Mtoto akilitafuna ulimi huvimba. Mparachichi tuliuacha kwa sababu majani yake yana sumu kwa wanyama wengi. Mwembe niliuacha kwa hiari yangu, ingawa najua wengine wanautumia, maana utomvu wake huwasha ngozi. Mkaratusi na misonobari ina mafuta na ulimbo wa harufu kali, na ndani ya tundu harufu haina pa kwenda. Tulipofika kwenye mihogo mtoto alisita. “Lakini Mjomba, sombe tunakula.” Tunakula, nilimwambia, kwa sababu mama zetu wanayatwanga majani hayo na kuyachemsha mpaka sumu yake itoke. Kinyonga hana kinu.

Iliyobaki si michache. Mpera ndio uliotupendeza kuliko yote: gome lake ni laini lakini haliteleki, tawi lake ni gumu, halivunjiki ghafula kama kijiti kikavu cha jakaranda. Hibiskusi, inayochanua mbele ya nyumba nyingi hapa, ni salama kwa majani na maua, hata kobe huyala, na majani yake mapana hushika matone vizuri. Mforsadi ni mwema pia. Mwanzi ni salama, lakini huteleza, na mnyama aliyeumbwa ashike anahitaji cha kushika.

Jambo hilo la kushika lilimfurahisha mtoto kuliko sumu zote. Kinyonga ana vidole vitano vilivyounganishwa katika mafungu mawili, kama koleo: miguu ya mbele ina vitatu ndani na viwili nje, ya nyuma ina viwili ndani na vitatu nje. Kwa hiyo tawi jema ni lile ambalo mguu unaweza kulikumbatia. Likiwa nene mno anatembea kama mtu juu ya ukuta. Likiwa jembamba mno, linapinda. Tuliweka ya unene mbalimbali, mengine yamelala, mengine yameinama kwa mshazari, moja juu likipokea jua la asubuhi, mengine chini ya majani ili apate kivuli anapokitaka. Tuliyafunga kwa kamba imara. Kwa pande za tundu nilinunua wavu wa waya usio na dawa. Chupa ya kioo au sanduku lililozibwa halifai. Anahitaji hewa inayopita.

Tena ilibaki habari ya mahali tawi linapotoka. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, na tanuru la shaba likaanza kuyeyusha mwaka 1911. Karibu tuzaliwe pamoja na moshi. Lile bomba refu na kilima cheusi cha taka zake vimekuwa picha ya Lubumbashi. Lakini moshi haukukaa juu ya picha. Kwa miaka mingi upepo uliubeba zaidi upande wa kaskazini-magharibi, na huko Penga Penga kuna udongo uliojaa shaba, risasi, kadimi na kobalti, mahali ambapo miti ya zamani ilitoweka. Watu wanaishi pale, wanalima pale. Mtoto wangu wa kwanza alipanga chumba pale. Niliposema kwamba tawi la huko au la kando ya barabara ya malori ya madini lina vumbi ambalo sitaki kinyonga alilambe, mpwa wangu aliniuliza: “Na watoto wa kule?” Sikuwa na jibu la kuandika katika daftari, nikaiacha mistari miwili mitupu.

Mambo mengine ni ya mikono tu. Tawi hukatwa mahali ambapo hapajapigwa dawa ya mboga. Husuguliwa kwa brashi na maji ya moto, bila sabuni, likaanikwa juani siku kadhaa mpaka siafu na vijidudu vitoke. Mmea wa chungu ulionunuliwa kwa wauza maua huoshwa majani na kukaa nje majuma kadhaa kwanza, maana hatujui walinyunyizia nini. Tawi likianza kuota ukungu hutolewa.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na moja. Siku chache kabla ya Noeli mama wa langoni, yeye mwenyewe, alikuja na kinyonga juu ya ufagio. Alimkuta amevuka njia. Alimshika mbali na mwili wake, mkono umenyooka, macho amegeuza pembeni, lakini alimleta. “Mpe mtoto,” alisema.

Alikuwa jike, mkubwa, wa ile aina ya kijani yenye mikunjo nyuma ya kichwa, Chamaeleo dilepis, ambao ndio tunaowaona zaidi hapa. Alikaa juu ya mpera na hibiskusi miezi mitatu bila tatizo. Kisha, mwezi wa tatu, akaanza kuacha matawi yote mazuri tuliyomchagulia. Alishuka chini, akazunguka sakafu, akakwaruza mbao, akapanda, akashuka tena. Mtoto alidhani anakufa kama yule wa kwanza, akaja kwangu mbio. Safari hii nilikuwa nimesoma. Jike wa aina hii hatagi mtini. Hushuka na kuchimba, na akikosa udongo mayai yanaweza kumuua ndani ya tumbo. Tundu letu lilikuwa na kila tawi na halikuwa na ardhi.

Tulilibeba tundu lote mpaka chini ya mpera wa uani, tukafungua mlango. Ilimchukua karibu nusu saa kufika kwenye udongo uliolowa. Alichimba mchana mzima kwa miguu ya mbele mpaka kichwa kikapotea shimoni, na jioni akageuka, akataga. Tulihesabu mpaka ishirini na nane, kisha giza likatuzuia. Alifukia mwenyewe, akakanyagakanyaga, akapanda mpera akiwa mwembamba kama jani lililokauka. Hatukumrudisha tunduni. Alionekana huko juu siku nne, siku ya tano hakuonekana.

Sasa ni mwezi wa saba, baridi ya asubuhi inaingia mpaka mifupani. Mayai ya kinyonga huyu hukaa ardhini miezi mingi, mara nyingi mpaka mvua nyingine. Mpwa wangu amepigilia vijiti vinne kuzunguka mahali pale, vya mpera, amevifunga kamba, na amewakataza kuku na wadogo zake kupita. Mama wa langoni ameng'oa lorie-rozi yake, shina na mizizi, na aliniuliza mahali pa kuitupa mahali mbuzi hawafiki. Tuliichimbia shimo refu pamoja, yeye na mimi na mtoto, na wakati tunafukia alimwambia mtoto: “Yakianguliwa, uniite. Nitasimama mbali, lakini uniite.”